Kilima cha Uani

Mpaka leo, upande wa Daa, huko Karatu, tulikokaa, wapo watu wanaoyaita mabomba yale "mabomba ya yule binti". Yamelala majanini yakiwa yameliwa na kutu, na mengine yamekatwa yakawa nguzo za mabanda ya ng'ombe. Hakuna anayeyaita mabomba ya mwenyekiti wala mabomba ya kijiji. Jambo likiharibika hutafutiwa mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Naandika polepole, kwa hiyo nitaanza na kilima, maana bila kilima hakuna habari.

Kijiji chetu kilipangwa wakati wa operesheni ya vijiji. Nyumba zilisimama kwa mistari upande mmoja wa kilima. Kabla ya hapo sisi tulikaa upande wa pili, kwenye shamba letu, karibu na chemchemi inayotoka ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Siku moja lori lilikuja, likatubeba sisi na mbuzi wetu na jiwe la kusagia, likatushusha mahali penye kamba na vigingi. Tulipewa barabara, tukapewa shule ya karibu, tukapewa duka ambalo miezi mingine lilikuwa na viberiti peke yake. Maji yalibaki kule kule.

Basi wanawake wakawa wanavuka kilima. Unapanda na debe tupu mpaka mgongoni mwa kilima, unateremka kidogo kufika chemchemini, unajaza, unapanda tena na mzigo kichwani, kisha unaanza teremko refu la kurudi nyumbani. Asubuhi ukungu wa msituni ulikuwa mzito. Ukisikia tawi linavunjika unasimama kusikiliza kama ni nyati au ni mwenzako. Udongo wetu ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Mama alianguka kwenye teremko lile wakati wa masika, akaangukia nyonga, na debe likamfuata. Alipona, lakini mguu ule haukukubali tena kupanda mlima. Baba alikuwa ameshafariki. Wadogo zangu walikuwa bado wa kubebwa. Nikabaki mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Masista wa misheni moja mjini Karatu walikuwa na darasa la cherehani kwa wasichana, la kulala huko huko, na walikuwa wamekubali kunichukua mwezi wa kwanza. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa msichana wa haya; mgeni akiingia mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma. Kwenye cherehani niliona kazi ambayo mtu anaifanya ameinamisha kichwa, na hakuna anayemwuliza kwa nini haongei.

Mama hakunikataza. Ingekuwa rahisi kama angenikataza.

"Nenda," alisema. "Ila niambie kwanza, nani atavuka kilima?"

Nikachukua debe nikaenda kuchota.

Jibu nililipata kwa mjomba, kaka yake mama. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka unga na chumvi Loliondo hadi Samunge, kwenye njia ambazo zilikuwa barabara kwa jina tu. Miaka ile mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na mafuta yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Alikuwa na pipa moja la dizeli, akaliweka nyuma ya nyumba yetu. Alipotaka kuchukua hakuliinua pipa. Alitumbukiza mpira, akavuta kwa mdomo, akatema, akaushusha mpira kwenye dumu lililokuwa chini, na dizeli ikapanda yenyewe mpaka ukingo wa pipa, ikavuka, ikateremka. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni. Siku hiyo nililitazama.

"Mjomba, inapandaje?"

"Inafuata mwenzake," alisema huku akijifuta midomo. "Iliyotangulia inaivuta iliyo nyuma, kama ng'ombe wakishika njia. Mradi mdomo wa dumu uwe chini kuliko pipa."

"Hata pipa likiwa refu?"

"Hata likiwa refu kama hasira za mama yako. Ila usimeze, utakimbilia chooni mpaka Jumapili."

Chemchemi ilikuwa juu kuliko kijiji. Hilo halikuhitaji mpimaji wa ardhi, magoti yetu yalijua: kutoka chemchemini tulipanda kidogo, kisha tuliteremka sana. Pipa, ukingo wa pipa, dumu. Vyote vilikuwepo pale kilimani, ila vikubwa.

Nikajenga kilima uani, nyuma ya jiko. Nilirundika udongo mpaka ukanifika kiunoni, nikaupa mgongo ule ule na kibonde kile kile. Upande mmoja nikachimbia kopo la maji, upande wa pili, chini zaidi, nikaweka bakuli. Nilipanga hata nyumba zetu kwa vibanzi vya kuni, kwa mistari, na msitu nikaupanda kwa majani ya maboga, mambo ambayo hayakuwa na kazi yoyote. Mjomba alinikatia kipande cha mpira. Nikakilaza juu ya kilima, nikavuta, nikaachia. Maji yalipanda, yakavuka mgongo, yakaingia kijijini. Nilichuchumaa pale mpaka kopo likakauka. Kichwani nilikuwa nimeshafika Karatu, nimekaa kwenye cherehani.

Mjomba alipoona alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaenda kumwita mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alikuwa ameahidi maji tangu siku ya vigingi, na kila mkutano watu walimkumbusha. Alitazama kilima changu mara moja, akaniambia nijenge kingine uwanjani mwa shule siku ya mkutano. Nilikijenga. Nilivuta mpira mbele ya kijiji kizima bila kuinua macho. Maji yalipovuka, jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi, akasema kwa sauti, "Huyu binti salamu yake unaidai wiki nzima, leo amekuja kuyafundisha maji." Watu wakacheka, na mimi nikatamani kuingia ndani ya kopo.

"Mmeona wenyewe," mwenyekiti alisema. "Hakuna injini. Hakuna dizeli. Hakuna cha kwenda kuomba wilayani. Maji yanapanda kilima kwa miguu yake."

Mzee mmoja akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo. "Mgongo ule ni mpaka tangu enzi za wazee. Zamani kitu hakikuvushwa mpaka huo kabla kondoo wa tambiko hajazungushwa."

"Mzee wangu, haya ni maji, siyo bibi harusi."

"Bibi harusi angekuwa nafuu. Yeye angeomba njia."

Mabomba yalipatikana kwenye shamba la kahawa lililoachwa na mlowezi. Yalikuwa ya chuma, mazito, na yalitosha kuvuka kilima kwa mkato. Kukizunguka yasingetosha hata nusu. Kuyaunga aliitwa fundi wa pampu kutoka shamba jingine la kahawa, mtu mkavu, sigara haimtoki mdomoni, aliyelipwa kwa mahindi na pombe. Wanaume walibeba na kuchimba, fundi alichonga nyuzi za skrubu kwenye ncha zake, akafunga kila kiungo kwa katani na rangi. Nilikwenda kuona kila siku nilipopita na debe. Bomba lilikuwa linapanda upande wa chemchemi na lingine linapanda kutoka kijijini, na siku yalipokutana mgongoni mama aliniuliza kama nina shuka la kwenda nalo misheni.

Lilibaki jambo moja ambalo uani halikuwepo. Pale kilimani hakuna mdomo wa kuvuta bomba kubwa vile. Fundi akaweka tundu mgongoni, na faneli juu yake, na vizibo kwenye ncha zote mbili. Bomba lijazwe kwanza, tundu lifungwe, kisha vizibo vifunguliwe kwa pamoja, na maji yaliyotangulia yatawavuta wenzake. Lakini maji ya kujazia yatoke wapi? Yalitoka vichwani mwetu. Asubuhi nzima wanawake tulipanda kutoka chemchemini mpaka mgongoni, debe baada ya debe, tukiyamimina kwenye faneli mpaka yakafurika.

Mwalimu mkuu alipuliza filimbi. Mimi nilikuwa upande wa kijiji. Kizibo kilipotoka maji yaliruka kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba, yakampiga mwenyekiti kifuani, na vigelegele vikapanda. Mama alikuja akichechemea na ndoo yake, watu wakampisha awe wa kwanza. Ndoo yake ikajaa, ikajaa ya pili, za wengine zikajaa. Kisha mkondo ukalegea. Ukawa mwembamba kama kidole, bomba likakohoa, likanyamaza. Tulisimama tukilitazama. Baadaye kijana mmoja akaja mbio kutoka upande wa pili, akasema hata kule maji yametoka, yamerudi chemchemini, na sasa yametulia.

Yule mama mwenye ulimi alichungulia ndoo yake. "Haya nayafahamu," alisema. "Ni yale yale niliyoyapandisha asubuhi."

Watu walicheka tena, lakini hakikuwa kicheko cha uwanja wa shule.

Fundi akasema panavuja. Bomba likivuja hewa huingia, na hewa ikiingia yaliyotangulia hayawezi kuwavuta wenzake. Ilikuwa kweli, nilijaribu uani: nilitoboa mpira kwa mwiba pale mgongoni, maji yakakatika hapo hapo, nikabana tundu kwa kidole, yakarudi. Basi viungo vyote vikafunguliwa, vikafungwa upya. Tukapandisha maji tena, filimbi ikapulizwa, bomba likatapika tulichokilisha, likanyamaza. Tukarudia. Safari hii viungo vilizungushiwa vipande vya tyubu za baiskeli na kupakwa lami. Likanyamaza vile vile. Hata kondoo alizungushwa. Mwenyekiti alimnunua kimya kimya, mzee akapita naye mgongoni, nyama ikaliwa vizuri. Bomba halikujali.

Watoto wakawa wakiniona wanabonyeza mashavu na kutoa mlio wa mtu anayevuta mpira. Wanawake hawakunisema mbele yangu, lakini walikuwa wamepandisha maji kilimani mara tatu kwa ajili ya ndoto yangu, na shingo zao zilikuwa zinakumbuka.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa kilima cha uani. Kila nikikiuliza, kilijibu ndiyo. Nilikiongeza mpaka kikanifika kichwani, maji yakavuka. Nikapitisha mpira juu ya paa la banda la mbuzi, yakavuka. Nikabadilisha mpira mwembamba kwa mnene, yakavuka kwa fujo zaidi. Kama mdogo anaweza, mkubwa anashindwaje na ana nguvu kuliko yeye? Nilikipiga teke siku moja, vibanzi vya nyumba vikaruka, kisha nikavipanga tena.

Jambo la kuvuja nalo lilikuwa haliingii akilini. Safari ya tatu tulilijaza bomba jioni, likafungwa, na asubuhi tulipofunua tundu maji yalikuwa bado yamefika mdomoni, hayakushuka hata upana wa kidole. Bomba linalovuja halifanyi hivyo. Nilimsubiri mtu mwingine aliseme hilo. Hakuna aliyelisema, na mimi sikuweza kusema mbele ya wanaume wale wote.

Nilimfuata fundi siku aliyokuwa anafunga vifaa vyake.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kilima."

"Ndiyo. Bomba halivuji."

"Najua halivuji. Mimi ndiye niliyelifunga."

"Sasa kwa nini maji hayapandi?"

Alitafuta kiberiti mifuko yote. "Labda ni kama pampu yetu. Kuna mwaka waliipandisha ukingoni juu, isifikiwe na mafuriko. Ikakataa. Inanguruma tu, maji hakuna. Tukairudisha chini karibu na mto, ikafanya kazi. Pampu kusukuma inasukuma popote unapotaka. Kuvuta haipendi kwenda juu sana."

"Mbona hukusema siku ya mkutano?"

"Mkutano ulikuwa wa kijiji chenu. Mimi niliitwa kuunga mabomba." Akawasha sigara. "Na hii siyo pampu, mwanangu. Ingekuwa pampu ningesema."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Mtu alikuwa na neno hilo mfukoni pamoja na kiberiti chake, akatuacha tupandishe maji mara tatu. Lakini neno lenyewe sikuliacha. Kuvuta haipendi kwenda juu sana. Juu kiasi gani? Na ni nini kisichopenda?

Nikakumbuka glasi ya darasa la sita. Mwalimu alijaza glasi maji, akaifunika kwa karatasi, akaigeuza kichwa chini, akaondoa mkono, na maji hayakumwagika. Tulinakili kutoka ubaoni alivyosema: hewa inasukuma karatasi kwa chini. Nilipata vema kwenye mtihani na sikufikiria tena. Sasa nilikaa jikoni nikafikiria. Maji hayavutani kama ng'ombe. Hakuna kamba kati yao. Hewa inayalalia maji ya kwenye kopo, inayasukuma yapande mpirani. Kama hewa ndiyo inayobeba, basi ina mwisho wa nguvu zake kama mbebaji mwingine yeyote. Mimi nilijua mwisho wa shingo yangu. Nilitaka kujua mwisho wa shingo ya hewa.

Mjomba alipokuja nilimwomba tuazime kwa mwashi mpira mrefu wa kupimia usawa, ule unaoonyesha ndani. Tulikwenda nao kwenye korongo lililo chini ya kijiji, ambalo mvua zimelichimba mpaka kuta zake zinatisha. Tuliujaza maji wote. Ncha moja niliiacha ndani ya ndoo chini pamoja nami, nyingine mjomba akaiziba kwa kigingi na tyubu, akaifunga kamba, akapanda juu ya ukingo akaivuta. Mpira ukapanda ukuta wa korongo umejaa maji mpaka kileleni. Akaendelea kuvuta. Halafu nikaona. Ncha iliendelea kupanda, lakini maji yalisimama. Juu yake mpira ulikuwa mtupu.

"Unavuja," mjomba alipiga kelele kutoka juu.

"Shusha kidogo."

Alishusha. Mpira ukajaa tena mpaka kwenye kigingi, bila hata povu la kutajika. Mpira unaovuja haujai tena.

"Pandisha."

Maji yakasimama mahali pale pale. Nikapaka tope ukutani kuweka alama. Tukalaza mpira kwa mshazari, ukawa mrefu zaidi, lakini maji yakafika usawa wa tope yakagoma. Tukajaribu na mpira mwingine mnene wa mjomba, na hata ule, tulipoubonyeza juu kidogo ya alama, ulikuwa mtupu. Unene haukuongeza kitu. Mteremko haukuongeza kitu. Kimo tu ndicho kilichosikilizwa. Tulipima kwa kamba toka ndoo hadi alama, tukailaza chini, mjomba akalala kando yake, akainuka, akalala tena, mara tano, mgongo wote mwekundu.

"Kwa hiyo," alisema akijipangusa, "hewa inabeba mimi watano."

"Na kilima?"

Tulikwenda kilimani siku hiyo hiyo. Mjomba alisimama chemchemini akatazama mbele kwa usawa wa macho mpaka pale jicho lilipogusa mteremko; nikaenda nikaweka jiwe, akaja akasimama juu ya jiwe, akatazama tena. Alipofika mgongoni alikuwa amesimama mara kumi na mbili, na hewa ilibeba mara tano tu.

Alikaa chini.

Pale mgongoni ndipo nilipoelewa nilichokosea, na hasira ikanipanda upya kwa sababu lilikuwa kosa dogo sana. Uani nilikuwa nimepunguza kila kitu. Kilima nilikipunguza, bomba nikalipunguza, kijiji nikakipunguza mpaka nyumba zikawa vibanzi. Hewa sikuipunguza. Hakuna mtu anayeweza kuipunguza. Ile iliyokuwa inalalia kopo langu ilikuwa ile ile inayolalia chemchemi, yenye nguvu za kubeba mjomba watano, na mimi nilikuwa nimeipa kilima cha kiunoni. Ilikuwa kama kumpa fahali abebe kikapu, halafu useme nimeshapima, ataibeba na nyumba. Ningejenga vilima uani mpaka uzee, vyote vingejibu ndiyo.

Nilimpeleka mwenyekiti korongoni. Niliongea siku ile kuliko nilivyowahi kuongea na mtu mzima asiye wa nyumbani. Mjomba alivuta mpira, maji yakasimama kwenye tope, akashusha, yakajaa, akapandisha, yakasimama. Mwenyekiti alitazama kwa makini, mikono nyuma.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini huu ni mpira. Yale ni mabomba ya chuma."

"Ni sawasawa, mwenyekiti. Hata ule mnene..."

"Binti, chuma na mpira haviwezi kuwa sawasawa. Utaniambia baiskeli na lori ni sawasawa?" Hakuwa amekasirika. Alinihurumia. "Tutatafuta fundi mwingine, wa Arusha. Panavuja mahali."

Akaondoka. Nilibaki nimeshika ndoo. Kilima cha kuchezea kiliposema ndiyo, kijiji kizima kilikiamini kwa siku moja, kikabeba vyuma. Korongo lenye kimo cha kweli liliposema hapana, likawa mpira tu. Sijui mpaka leo ningesema nini zaidi. Mjomba alipendekeza tuchimbe mgongo, tuushushe. Tulijaribu kwa sururu, chini ya udongo ni mwamba. Fundi wa Arusha hakuja.

Mwezi wa kwanza ulipofika nilikuwa kilimani na debe. Masista walituma neno kwamba nafasi imechukuliwa na msichana mwingine, nijaribu mwaka ujao. Mama alilisikia neno hilo akiwa anapepeta mtama. Alipepeta mpaka ukaisha, akaweka ungo chini.

"Maji yanaweza kupanda kiasi gani?" aliniuliza. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza hivyo.

"Karibu nusu ya kilima, mama."

"Na hayataongezeka?"

"Hayataongezeka."

"Basi mimi nitateremka."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona anafungua kamba za kitanda. Shamba letu la zamani bado tulikuwa tunalilima, na mawe ya jiko la zamani yalikuwa bado yamesimama kule karibu na chemchemi. Wakati huo kurudi mashambani kulikuwa bado kunakatazwa kwa mdomo, ingawa macho yalikuwa yameanza kufumbwa. Mwenyekiti alikuja mbio.

"Mama, huwezi kuhama kijiji."

"Mwenyekiti, mlinileta hapa kwa lori," mama alisema. "Kurudi sikuombi hata punda."

Kupanda mgongo ule bila mzigo kulimchukua asubuhi nzima, akipumzika kila baada ya hatua chache, mimi na mjomba tukiwa nyuma na kitanda. Mgongoni alikaa juu ya bomba kupumzika. Hakulisema kwa ubaya. Aliligonga mara moja kwa fimbo, likatoa mlio wa kitu kitupu, akainuka.

Kibanda kilipokamilika chemchemi ilikuwa hatua chache, tambarare. Alichota mwenyewe na kibuyu. Mwaka uliofuata nilikwenda misheni, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wa darasa.

Huko masista walitufundisha kushona sketi ndogo kwanza, ya kimo cha mkono, ili tusiharibu kitambaa. Tulitumia vipande vya drili, kitambaa kizito kilichobaki kwenye sare za shule. Sista aliyekuwa akitufundisha alisimamisha sketi yangu ndogo mezani. Ilikaa wazi pande zote kama kengele, imependeza.

"Mkiweza hii, mmeweza na kubwa," alisema. "Ni kitu kimoja, tofauti ni kipimo."

"Siyo kitu kimoja, Sista."

Wasichana wote waligeuka. Sauti ilikuwa yangu.

"Unasemaje?"

"Sketi umeipunguza, kitambaa hujakipunguza. Unene ni ule ule. Ndiyo maana hii imesimama. Kubwa itaanguka, haitasimama hivi."

Nilijua hatua inayofuata, nilikuwa nimeshaipitia korongoni. Lakini yeye alinisukumia drili iliyobaki na mkasi. "Kata kubwa," alisema, "tuone."

Nilishona mpaka kengele ya chakula. Nilipoishika sketi kiunoni na kuinyanyua ilining'inia ikashikana miguuni, hakuna kengele wala dalili yake. Sista aliigusa pindo, akaitazama ile ndogo, akarudi kuitazama kubwa.

"Kweli," alisema, akaendelea na msichana mwingine.

Ilikuwa sketi tu. Nilirudi kwenye kiti changu nikaanza kufumua mshono wa kiuno, na nyuzi nilikuwa nazing'oa kwa hasira, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi hapa mtu kupima kabla ya kunikatalia.